Kibao cha Iguguno: Nani Huandika Jina la Mahali?

Ni maneno machache katika Kiswahili yaliyobebeshwa kazi nyingi kama neno bao na jamaa zake. Ubao ni wa mtoto wa chuoni, aliyeandikiwa alifu na be, akahifadhi, akauosha na kuandikiwa tena. Bao ni la wazee barazani, na bao ni la mpiga ramli pia. Mbao ni za fundi seremala. Kibao ni cha jikoni, kile cha mbuzi kinachokuna nazi. Na kibao ndicho anachopigwa shavuni mtoto mtukutu. Kisha kipo kibao kingine ambacho wengi hukisoma na wachache hukifikiria: kipande cha ubao chenye maandishi, kilichotiwa fremu na kutundikwa mlangoni au kusimamishwa kando ya njia, kinachomwambia mpita njia amefika wapi na kwa nani. Kibao hicho kina historia yake, na mahali pamoja pa kuitazamia historia hiyo ni Iguguno, mkoani Singida.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza: kwa nini Iguguno, na si Mji Mkongwe wa Unguja wenye milango inayosemwa dunia nzima? Jibu ni kwamba milango ya Unguja imekwishapata wasifiaji wake. Iguguno ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Mkalama, juu ya njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega na kuendelea hadi Mwanza. Ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Nchi ya alizeti, vitunguu, mtama na uwele, na ya kuku wa kienyeji ambao wasafiri huwajua kabla ya kujua jambo jingine lolote la Singida. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wanyiramba, pamoja na jirani zao Wanyaturu na Wanisanzu, na wafugaji wa Kidatoga na wa Kisukuma walioingia na mifugo yao. Mahali kama hapo, palipo mbali na pwani na mbali na makao makuu yoyote, ndipo linapoulizika vizuri swali hili: ni nani mwenye haki ya kuliandika jina la mahali?

Pwani swali hilo lilijibiwa zamani. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe yanataja mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi. Karne nyingi baadaye mafundi wa Unguja, Lamu na Mombasa walichonga juu ya vizingiti vya milango aya, dua na tarehe. Mwenye nyumba ndiye aliyemlipa fundi, naye ndiye aliyeamua mlango wake useme nini. Mpita njia alisoma juu ya kizingiti si jina la serikali bali imani ya mwenye nyumba, na pengine mwaka aliojenga. Kwa hiyo mtu wa pwani alizoea tangu kale kwamba mbao ya nyumba husema, na husema kwa niaba ya aliyemo ndani.

Bara, katika nchi ya Iramba, mambo yalikuwa mengine. Nyumba ya asili ya upande huo ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa kwa udongo, mlango mfupi wa kuinamia. Tembe halikuwa na maandishi, lakini halikuwa bila jina. Kaya iliitwa kwa mzee wake, na mlima, mbuga na kijito vilikuwa na majina yaliyotunzwa vinywani. Mgeni aliyepotea hakutazama ukutani. Aliuliza, na aliyeulizwa alijibu kwa kunyoosha mkono na kutaja ukoo. Si kweli, basi, kwamba kibao kilileta majina mahali yasipokuwapo. Majina yalikuwapo. Kilicholetwa ni desturi ya kuyaandika, na pamoja na desturi hiyo akaja mwandishi, ambaye hakuwa mwenyeji.

Mwandishi wa kwanza alikuwa mtawala. Wajerumani walijenga boma lao Mkalama, na kupitia boma hilo majina ya nchi hiyo yakaingia katika ramani na vitabu. Mwaka 1912 mtaalamu wa jiografia, Erich Obst, alichapisha Hamburg maelezo ya safari yake kutoka Mkalama kwenda nchi ya watu aliowaita Wakindiga. Watu hao wenyewe hujiita Wahadzabe. Mfano huu mmoja watosha kuonyesha hatari ya kalamu iliyo mikononi mwa mgeni: huandika alivyosikia kwa jirani, na kilichoandikwa hudumu kuliko kilichosemwa. Hata jina la Wanyiramba limepita njia hiyo hiyo. Katika lugha yao wenyewe sauti ya r na ya l hazigombani kama zinavyogombana katika Kiswahili sanifu, nao huitwa pia Wanilamba, na lugha yao Kinilamba. Lakini wilaya iliandikwa Iramba, na ikabaki Iramba katika mihuri na vibao.

Mwandishi wa pili alikuwa mmisionari. Walutheri wa Leipzig walifika katika nchi hiyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita hivyo wakaja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Shule na hospitali zilizoanzishwa nao zilihitaji kujitambulisha kwa maandishi, na kwa herufi za Kilatini. Hapo ndipo mtoto wa Kinyiramba alipojifunza kwamba neno linaweza kusimama juu ya ubao na kusomwa na mtu asiyemjua aliyeliandika. Na neno hilo, mara nyingi, lilikuwa la Kiswahili. Serikali ya Kijerumani ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya kazi zake, na Waingereza wakakisanifisha kupitia kamati iliyoundwa mwaka 1930. Kibao cha bara, kwa hiyo, kilizaliwa kikisema lugha ya pwani, na hili si jambo dogo kwa msomaji wa visiwani kulijua.

Mwandishi wa tatu alikuwa mhandisi wa reli. Katika miaka ya 1930 tawi la Reli ya Kati lilijengwa kutoka Manyoni, likapita Singida, likafika Kinyangiri, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mkalama kama ilivyo Iguguno. Kwa miaka michache Kinyangiri ilikuwa mwisho wa reli. Halafu, katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliona kuwa njia hiyo hailipi, ikaing'oa. Mji mkuu wa mkoa ulipata treni tena baada ya nusu karne hivi, lakini Kinyangiri haikurudishiwa cheo chake. Hapo pana somo: aliyeliandika jina kwa sababu zake huweza kuliondoa kwa sababu zake, na mwenyeji hubaki na jina lake la kinywani kama alivyokuwa mwanzo.

Baada ya Uhuru mwandishi alibadilika rangi, lakini hakubadilika sana cheo. Mkoa wa Singida ulizaliwa mwaka 1963. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka iliyofuata watu walihamishwa kutoka kaya zilizotawanyika na kukusanywa pamoja. Hadi mwaka 1975 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 9 waliokuwa vijijini nchini kote, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya kusajili vijiji na vijiji vya ujamaa. Kijiji kilichosajiliwa kilihitaji jina, na jina lilihitaji kuandikwa. Huku na huko Tanzania vikazuka vijiji vya Azimio, Umoja, Ujamaa na Mapinduzi. Mzee aliyekuwa akiitwa kwa mlima wa baba zake alijikuta akiitwa kwa neno la siasa. Wapo waliolipenda neno hilo, wapo waliolivumilia. Aghalabu hawakuulizwa.

Hata hivyo, wakati uo huo ulileta kitu ambacho pasi nacho kibao ni kipande cha kuni tu: msomaji. Mwaka 1967, takriban watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama na baba walikaa chini ya miti wakishika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Majaribio ya mwaka 1975 yalionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi 39 katika kila 100, na yale ya 1977 hadi 27. Hesabu hizo zinaweza kubishaniwa, lakini maana yake haibishaniki. Serikali ilikusudia raia asome kile inachomwandikia. Ilipomfundisha kusoma, ikawa imemfundisha pia kuandika. Mwenyeji alikuwa amepewa kalamu, ingawa hakuwa bado na mahali pa kuitumia hadharani.

Mahali palipatikana katika miaka ya 1980, zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa na watu Mzee Ruksa. Biashara ndogo ndogo zilipofunguliwa, barabara kuu zikaota vibao: duka, hoteli, kinyozi, fundi baiskeli, mashine ya kusaga. Kando yao vikasimama vibao vya miradi ya wafadhili, vikubwa na vyenye nembo, ambavyo pengine viliendelea kusimama ilhali kisima kilichotangazwa kimekwisha kukauka. Lakini vile vya wenyewe vilikuwa jambo jipya. Kwa mara ya kwanza mtu wa mahali kama Iguguno aliandika juu ya ubao, kwa mwandiko wake na hata kwa makosa yake ya tahajia, yale aliyotaka yeye mgeni ayajue. Na kutoka dukani desturi hiyo ikaingia nyumbani: kibao cha KARIBU juu ya mlango, cha jina la ukoo langoni, cha dua sebuleni.

Utengenezaji wake unastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna elimu ambayo vitabu vya historia huipita bila kuiamkia. Ubao mzuri kuliko wote ungekuwa wa mninga, usioliwa ovyo na mchwa. Lakini mninga umekuwa ghali. Mbao za msonobari za mashamba ya serikali, kama lile la Sao Hill huko Mufindi, husafiri mbali na ni rahisi kukata. Mwenye mkono mfupi hutumia mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki kwa wapasuaji mbao, yenye gome upande mmoja. Anayetaka kibao chenye sura ya kishamba huyatafuta mabanzi kwa makusudi, kwani ukingo wake ulioenda mrama ni pambo lisilohitaji patasi.

Ubao hukatwa ukiwa umekwisha kukauka. Miezi ya kiangazi ya Singida, yenye jua kali na upepo usiochoka, hukausha upesi, na ndiyo hatari yenyewe: ubao mbichi ukianikwa juani hupinda na kupasuka. Hupangwa kivulini, vipande vyembamba vikitenganisha ubao na ubao, hewa ipite. Kisha huchukuliwa ubao wa moja kwa nane, yaani unene wa inchi 1 na upana wa inchi 8, ukakatwa urefu wa futi 3 hivi, ukapigwa randa upande wa mbele na kulainishwa kwa msasa. Fremu ni vipande vinne vya moja kwa mbili. Fundi hodari hukata ncha zake mshazari, nusu ya pembe mraba, zikutane bila pengo. Asiye fundi huzikutanisha ncha kwa ubavu, na kazi ikawa ile ile. Kujua kama fremu imekaa sawa hakuhitaji kifaa cha dukani. Uzi hupimwa kutoka kona hadi kona, kisha kutoka kona ya pili hadi ya pili. Urefu ukilingana, pembe zote ni mraba.

Fremu si urembo mtupu. Ncha za ubao ndizo hunywa maji ya mvua kwa pupa, na fremu huzifunika. Ubao mpana hupenda kujikunja, na fremu huuzuia. Lakini fremu isiubane ubao kama mdeni. Mbao hufura na kunywea kwa upana, si kwa urefu, kila msimu unapobadilika. Kwa hiyo huachwa nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti juu na chini, na misumari hupigwa katikati ya ncha, si kwenye pembe. Asiyejua siri hii hushangaa kibao chake kupasuka katika mvua za kwanza, akamlaumu muuza mbao.

Ndipo huja herufi. Mistari miwili hupigwa kwa uzi uliopakwa mkaa, ukavutwa na kuachiwa. Neno huanzwa katikati, si mwanzoni, ili lisije likajibana mwishoni kama abiria wa basi la jioni. KARIBU ina herufi sita, na katikati yake ni kati ya R na I. IGUGUNO ina saba, na katikati yake ni G ya pili. Lakini kwa kuwa I ya mwanzo ni nyembamba, nusu ya kushoto huwa fupi, na mwandishi mwenye jicho huisogeza G hiyo kushoto kidogo. Katika jina hilo herufi tano kati ya saba zina mviringo. Mviringo ukiishia juu ya mstari kabisa huonekana mfupi kuliko I na N zilizo jirani, kwa hiyo hupitishwa mstari kwa unene wa uzi. Wengine hupaka rangi ya mafuta kwa brashi. Wengine huchoma herufi kwa chuma chenye moto, kama zinavyochomwa nakshi za vibuyu, na herufi iliyochomwa haibanduki.

Mwisho ni kinga. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida si haba, huupa ubao rangi ya kupendeza, lakini hukauka polepole na kushika vumbi la barabarani. Vanishi ni bora kwa kibao cha nje. Kikisimamishwa juu ya nguzo, ile sehemu ya nguzo inayozikwa hupakwa oili chafu ili mchwa wakawie. Kikitundikwa, hutundikwa kwa minyororo miwili, kwani upepo wa huko hauheshimu msumari mmoja.

Kazi hiyo yote ni ya siku mbili, na huweza kufanywa uani. Lakini kibao kikisha kutundikwa huingia katika ulimwengu wa sheria, nao haukioni sana. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na katika miji ya kandokando ya barabara, Tanzania nzima, wenye nyumba wengi walijua maana ya alama ya X nyekundu ukutani. Kibao si hati. Haki ya ardhi ya kijiji ina karatasi yake, hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Aliyeandika jina la ukoo wake langoni hajapata kwa hilo hata hatua moja ya ardhi. Na bado huandika, kwa kuwa hati hufungiwa sandukuni ikasema na hakimu, ilhali kibao husema na jirani na mgeni kila siku. Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini sharti mgeni ajue pa kuingilia.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilifanyika Operesheni ya Anwani za Makazi. Kila nyumba ilikusudiwa kupewa namba, na kila njia jina. Faida zake ni wazi: mgonjwa hufikiwa, barua hufika, hesabu hulingana. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya mitaa na vijiji wakazi walikaa na kubishana juu ya jina la njia yao, jambo ambalo babu zao wa mwaka 1974 hawakupewa nafasi ya kulifanya. Lakini namba haisemi aliyemo ndani ni nani. Na upande wa pili biashara zimekimbilia mabango ya plastiki yanayochapwa mjini kwa mashine, yenye picha na rangi za kung'aa, yasiyojua mkono wa mtu. Bango la namna hiyo likichanika hutupwa, na lingine huagizwa.

Kibao cha mbao kikichakaa hakitupwi. Huteremshwa kiangazi, kikasuguliwa msasa, na herufi zikapakwa upya juu ya zile za zamani, kama ubao wa chuoni unavyooshwa na kuandikwa tena. Mara nyingi anayepaka safari hii si yule aliyepaka mwanzo. Ni mwanawe au mjukuu, naye hufuata alama zilizobaki ndani ya mti. Boma la Mkalama liliandika, misheni ikaandika, reli ikaandika ikafuta, chama kikaandika, mradi ukaandika ukaondoka. Mwenye nyumba wa Iguguno aliipata zamu yake mwisho. Kipande chake ni cha futi tatu tu, lakini jina lililomo amelichagua mwenyewe, na rangi ikififia anajua pa kulipata tena.